Kijana wa Kiislamu na ajira: Je, kutoa 'chochote' ni dharura?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Majuma machache yaliyopita, baada ya swala ya Magharibi katika msikiti mmoja huku Mbagala ninakodarasisha, kijana mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Namfahamu. Nilimfundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, akaendelea mpaka chuo kikuu na kutunukiwa shahada ya uhasibu. Huu ni mwaka wa tatu anazunguka na bahasha ya kaki. Wakazi wa Dar es Salaam mnaijua bahasha hiyo. Ndani mna vyeti, picha za pasipoti, barua ya serikali ya mtaa na nakala kumi za wasifu, na ukipanda nayo daladala asubuhi kila abiria anajua unakwenda wapi, na pengine anajua na utakavyorudi.

"Ustadhi," akaniambia, "nimepata mtu wa ndani."

Mtu huyo amemwambia nafasi ipo, na jina lake litapita, ila zinatakiwa shilingi milioni moja na nusu: nusu kabla ya usaili, nusu barua ikitoka. Mama yake anauza vitumbua, na mwezi ule ilikuwa zamu yake ya kupokea mchezo. Mama amekubali kuzitoa. Kijana hakuja kwangu kuomba pesa. Alitaka kujua kama kwa hali aliyonayo jambo hilo ni dharura, maana alikwishasikia kuwa dharura huhalalisha kilichoharamishwa.

Nilimjibu haraka haraka, kama tulivyozoea kujibu sisi walimu: Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokea rushwa, basi. Akainamisha kichwa, kisha akasema kwa adabu, "Sawa ustadhi. Lakini wewe una ajira."

Neno lile halikunipa usingizi. Hukumu niliyompa ilikuwa sahihi, ila nilimpa mlango uliofungwa bila kumuonesha ulio wazi. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Tuanze na hiyo dharura. Aya inayotegemewa katika jambo hili (2:173) inamzungumzia mtu aliyefikwa na shida ya kumuangamiza, asiyekuwa na tamaa wala asiyevuka mpaka. Ni njaa inayoua. Kijana wetu, Alhamdulillah, anakula kwa mama yake. Kinachomuuma ni kwamba anakula kwa mama yake akiwa na miaka 26, na jirani kila asubuhi anamuuliza amefikia wapi. Maumivu hayo ni ya kweli na siyadharau hata kidogo, lakini aibu haijawahi kuhesabiwa na wanazuoni kuwa ni dharura ya kuhalalisha haramu.

Yapo maelezo mengine ambayo vijana wengi huyasikia nusu. Baadhi ya wanazuoni wamesema kuwa mtu aliyezuiliwa haki yake iliyokwishathibiti, akakosa njia nyingine ya kuipata, akitoa mali kuikomboa basi dhambi humwangukia anayepokea. Watu hushika hapo na kuondoka. Wanaacha lile neno "iliyokwishathibiti". Mshahara wa miezi mitatu uliyoifanyia kazi ni haki yako iliyothibiti. Nafasi ya kazi iliyotangazwa gazetini si ya mtu yeyote mpaka usaili umalizike. Inamngoja yule atakayeonekana anafaa zaidi, na huyo huenda ni mtoto wa mjane wa Lindi au Sumbawanga ambaye mama yake hana mchezo wa kupokea mwezi huu. Ukimlipa mtu akuingize, unakuwa umemlipa amnyang'anye yule. Na tunajua kwamba tawba ya haki ya mja haikamiliki mpaka mwenye haki arejeshewe au asamehe. Sasa huyo utampata wapi umwombe radhi? Jina lake hulijui, wala yeye hajui kama alidhulumiwa. Atabaki kuamini kuwa alishindwa tu.

Isitoshe, wengi wa hao "watu wa ndani" hawana ndani yoyote. Hebu angalia wanavyofanya kazi. Anachukua pesa kwa vijana kumi na hafanyi lolote. Mmoja akibahatika kupita kwa uwezo wake mwenyewe, anaamini amepitishwa na anamalizia nusu iliyobaki. Tisa wanaambiwa "wakubwa wamebadilisha mambo". Nani kati ya hao tisa atakwenda TAKUKURU, ilhali chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 aliyetoa naye ni mkosaji? Tapeli analijua hilo vizuri kuliko wateja wake. Lakini ukiombwa na hujatoa, namba ya bure 113 ipo na hapo huna cha kuogopa.

Kwa dada zetu hali ni chafu zaidi, kwa sababu kinachodaiwa mara nyingine si pesa. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 25, imelitaja hilo kuwa ni kosa. Wazazi wa Kiislamu tuna tabia ya kulifunika jambo hili kwa kisingizio cha stara, binti anaambiwa anyamaze asijivunjie heshima. Heshima aliyevunja ni yule mwanamume. Binti akija nyumbani na habari hiyo, msikilizeni kwanza, na asiulizwe alikuwa amevaa nini.

Kuna na ile njia nyingine ya mkato, ya kununua cheti. Mwezi Aprili mwaka 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais wa wakati huo John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyoonesha watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Fikiria mtu aliyejenga, aliyeoa, anayesomesha, halafu jina lake linaonekana kwenye orodha ile. Mtume (s.a.w.), katika Hadith aliyoipokea Ibn Majah, ametufundisha kuwa hakuna nafsi itakayokufa mpaka ikamilishiwe rizki yake, hata kama itachelewa, na kwa hiyo tuitafute kwa njia nzuri. Wapo waliozipata kazi zile kwa kughushi wakala miaka kumi au ishirini. Kilichokuwa rizki yao kingewafikia kwa mlango mwingine.

Sasa huo mlango mwingine ni upi? Hapa ndipo niliponyamaza siku ile.

Imepokewa kwa Anas bin Malik (r.a.), katika Sunan ya Abu Daud, kisa cha mtu wa Kiansari aliyekuja kuomba kwa Mtume (s.a.w.). Baadhi ya wanazuoni wa Hadith wameizungumzia isnadi yake, lakini maana yake inaungwa mkono na Hadith sahihi ya Bukhari inayosifu kuchukua kamba na kwenda kubeba kuni kuliko kuomba watu. Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama hana kitu chochote nyumbani. Alikuwa na tandiko, sehemu wanajifunika na sehemu wanalalia, na bakuli la kunywea maji. Akaagizwa avilete. Mtume (s.a.w.) akavinadi mwenyewe, mmoja akasema dirham moja, mwingine akafika mbili. Dirham moja ikanunua chakula cha familia na ya pili ikanunua shoka. Mtume (s.a.w.) akalitia mpini kwa mkono wake, akamtuma akakate kuni na asimuone kwa siku kumi na tano. Mtu yule alirudi na dirham kumi.

Nimekifundisha kisa hiki darasani mara nyingi nikikomea kwenye ubaya wa kuomba. Nilipokuwa naendelea kuwaza juu ya mama muuza vitumbua ndipo nilipokiona vingine. Nyumba ile ya Madina nayo iliuza kitu chake cha thamani kwa ajili ya kazi. Mama huyu wa Mbagala naye yuko tayari kutoa chake. Tofauti ni kile kilichonunuliwa. Shoka likishanunuliwa ni lako, kesho unalo na keshokutwa unalo. Milioni moja na nusu iliyoingia kwenye simu ya mtu usiyejua hata anapoishi haitengenezi kitu chochote mkononi mwako. Angalia pia kwamba Mtume (s.a.w.) hakuanza na pesa. Alianza kwa kuuliza una nini nyumbani.

Ndugu msomaji, swali hilo tumewauliza vijana wetu lini? Niseme ukweli wangu. Nilimfundisha kijana huyu miaka minne. Nilihakikisha anazijua nguzo za swala, mirathi, hata vita vya Uhud na mahali walipokaa warusha mishale. Siku moja akiwa kidato cha tatu aliniuliza asome nini ili baadaye afanye kazi gani. Nilimjibu, "Wewe soma tu, Allah atafungua." Nilidhani nimempa tawakkul. Nilikuwa nimemkwepa, kwa sababu jibu nilikuwa sina. Mimi mwenyewe niliingia ualimu baada ya kukaa miaka miwili bila kazi, na chuoni nilichaguliwa kozi na rafiki yangu aliyekuwa akijaza fomu pembeni yangu. (Ualimu nimekuja kuupenda, lakini hiyo ni fadhila ya Allah tu, mimi sikupanga chochote.)

Wangapi wanasoma tu? Mwezi Juni mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili uliofanyika Uwanja wa Taifa hapa Dar es Salaam. Nafasi zilikuwa 70. Walifika vijana zaidi ya 10,000, wakajaa viti vya uwanja kama siku ya Simba na Yanga. Sasa chukua kalamu upige hesabu. Hata kama usaili ule ungesimamiwa na malaika, zaidi ya vijana 9,900 wangerudi nyumbani mikono mitupu. Wakirudi, wengi husema wameonewa kwa sababu ya kabila, wengine kwa sababu ya dini. Sikatai kuwa upendeleo upo katika nchi hii, na palipo na ushahidi haki idaiwe. Lakini hesabu ya 70 kwa 10,000 haihitaji njama yoyote ili ikuache nje. Aliyepanga maisha yake yote kwa kutegemea mlango huo mmoja amejipangia vibaya hata kama wenye mlango ni waadilifu.

Qur'an imejaa watu waliopanga na watu waliokuwa na kazi. Nabii Nuh (a.s.) alijenga jahazi. Nabii Daud (a.s.) alilainishiwa chuma na akaagizwa atengeneze nguo za vita na apime vizuri pete zake (34:10-11), yaani hata Mtume mwenye ufalme aliambiwa asilipue kazi. Nabii Zakaria (a.s.), kwa mujibu wa Hadith ya Muslim, alikuwa seremala. Leo mhitimu ukimwambia aende Keko akajifunze useremala au Gerezani kwa mafundi wa vyuma, mama yake analia kana kwamba umemtukana. Surat Yusuf nayo ina mpango wa miaka 15: saba ya kulima na kuhifadhi nafaka katika masuke yake, saba ya kula akiba, na mmoja wa faraja (12:47-49). Na Yusuf (a.s.) alipoomba kazi kwa mfalme (12:55) hakusema nipe chochote kilichopo. Aliitaja kazi anayoitaka, ya kusimamia hazina za nchi, na akataja kwa nini anaiweza: ni mtunzaji na ni mjuzi. Soma barua za maombi ya kazi za vijana wetu uone. "Naomba nafasi yoyote itakayopatikana." Mwajiri hana nafasi inayoitwa yoyote.

Lakini kisa ninachotaka kila kijana akae nacho ni cha Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan (28:22-28). Hali yake ilikuwa mbaya kuliko ya mhitimu yeyote wa Mbagala. Ametoroka Misri kwa kuua mtu bila kukusudia, hana ndugu, hana chakula, hana hata mahali pa kulala. Anafika kisimani anaona wachungaji wamejazana na wanawake wawili wamesimama pembeni na mifugo yao, wanangoja. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuwanyweshea. Hakuulizia malipo. Baada ya hapo ndipo alipokwenda kivulini na kumuomba Mola wake, akikiri kuwa ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa. Angalia mpangilio: kazi ilitangulia, dua ikafuata, na jibu likaja likitembea kwa haya, binti mmoja akamwita kwa baba yake. (Wanazuoni wamekhitalifiana kama mzee huyo ndiye Nabii Shuaib, tuliache hilo.)

Binti ndiye aliyemwambia baba yake amuajiri, kwa sababu mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Alijuaje? Alimuona kisimani. Yaani mdhamini wa Musa (a.s.) alikuwa mtu aliyemuona akifanya kazi. Vijana wetu huandika majina ya wadhamini watatu kwenye wasifu, mmoja mjomba, wa pili mwenyekiti wa mtaa, wa tatu mimi ustadhi, na mara nyingi sina habari kama nimeandikwa. Siku moja nilipigiwa simu na ofisi fulani nikaulizwa uwezo wa kijana katika hesabu za stoo. Nilisema anaswali vizuri. Wallahi nilimaanisha kumsaidia, lakini nilimharibia. Uaminifu wake naujua, hiyo "nguvu" ya kazi sijawahi kuiona, kwa sababu hakuwahi kuifanya mahali ambapo mtu anaweza kuiona.

Basi mhasibu asiye na kazi aende kisimani. Huku kwetu wenye maduka wanalia kila mwezi na hesabu za kodi na risiti za mashine. Misikiti yetu inakusanya sadaka kila Ijumaa na daftari limeandikwa kwa kalamu mbili za rangi tofauti na halijumlishwi. Madrasa hazijui zinadaiwa ada kiasi gani. Kijana mwenye shahada ya uhasibu anapita mbele ya msikiti huo akienda Posta kupeleka bahasha. Miezi sita ya kutunza daftari la msikiti kwa uaminifu inampa mdhamini anayeweza kusema kitu kwenye simu. Na sisi wenye misikiti tusimfanye punda wa bure. Nauli na chakula apewe. Mzee wa Madyan alimtamkia Musa (a.s.) masharti waziwazi, miaka minane, na kumi ikiwa ni hiari yake, tena akamhakikishia kuwa hataki kumtaabisha.

Kwa wanaoomba serikalini, maombi hupita kwa Sekretarieti ya Ajira na kuomba ni bure. Mtu akikudai hela ya "kufungua faili", huyo ni mwizi. Jambo moja dogo linawaangusha sana vijana wa Kiislamu: majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha kidato cha nne Muhammad, kitambulisho cha taifa Mohammedi. Mwanahamisi anakuwa Mwanakhamis. Siku ya usaili unakaguliwa vyeti unaambiwa si wewe. Hilo linarekebishwa kwa hati ya kisheria mapema, na si usiku wa kuamkia usaili. Wazazi wenye watoto wa darasa la saba, nendeni mkalitazame wiki hii.

Na kwa walio bado shuleni, mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 una mkondo wa amali unaompa mwanafunzi ufundi wa mikono pamoja na masomo. Tusiwaachie wengine peke yao kwa kudhani ni wa walioshindwa. Mwenye wazo la biashara na wenzake waunde kikundi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 mikopo hiyo haina riba. Ilisimama mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Nashangaa Muislamu anayekimbia riba, na inafaa akimbie, halafu hajawahi kupanda ngazi za ofisi ya kata kuulizia hii.

Nilimtafuta kijana wangu Ijumaa iliyofuata. Nilimuomba radhi kwanza, kwa lile jibu la "soma tu" la kidato cha tatu, ambalo yeye hata halikumbuki. Kisha tulikaa barazani na kalamu mpaka Alasiri. Pesa ya mchezo haikutoka. Mama amenunua mabati, maana chumba cha nyuma kilikuwa kinavuja. Huenda nafasi ile ilichukuliwa na mwingine aliyelipa. Tulilizungumza hilo pia, na sikuwa na la kumfariji zaidi ya kukaa naye. Sasa anatunza daftari la msikiti na hesabu za maduka mawili ya jumla pale Rangi Tatu, duka moja linamlipa, la pili bado linaahidi. Bahasha hajaitupa. Juma lijalo anasafiri kwenda Dodoma kwenye usaili, nauli ametoa mwenyewe. Ameniomba nimuombee dua, nami nawaomba wasomaji mniitikie Amin.

Wabillahi tawfiq.